Upande wa Pili wa Shuka

Mama yangu na dada yake wamebishana tangu utotoni kuhusu mkono wa mtu ambaye hakuna kati yao aliyewahi kukutana naye. Walimwona mara moja tu, kwenye shuka jeupe lililotundikwa kati ya miti miwili katika uwanja wa misheni kijijini kwetu Kilema, mlimani, siku lilipopanda gari la sinema. Katika picha hiyo kijana mmoja anampa baba mkwe wake kikombe cha kahawa. Mama anasema alimpa kwa mkono wa kushoto. Mama mkubwa anasema alimpa kwa mkono wa kulia. Tangu siku hiyo wameolewa, wamezaa, wamezika wazazi, wameitwa bibi na watoto wasiojua hata gari la sinema ni kitu gani, na suala la kikombe halijafungwa.

Kwa asiyetoka kwetu, naeleza uzito wake. Kumpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto ni kumwonyesha kwamba humhesabu. Kumpa baba mkwe kwa mkono huo ni kama kumwambia mzee aje amchukue binti yake. Kwa hiyo Mama amekua akiamini kwamba huko picha ile ilikotengenezwa watu hawana adabu, na kwamba yule mzee aliyekipokea kikombe na kukinywa alikuwa hana adabu kuliko hata mkwe wake. Mama mkubwa amekua akiamini kwamba aliona picha nzuri ya kijana aliyelelewa vizuri. Nilipokuwa mdogo walibishana huku wakimenya ndizi za supu ya mtori, na visu vilikwenda haraka zaidi kila kikombe kilipotajwa.

Nisingeandika haya kama nisingetumwa kununua projekta.

Mama mkubwa alikuwa akiishi ng'ambo ya mfereji, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, kinachopakana na cha Mama. Ni mjane. Macho yake yalianza kufifia kutokea katikati: pembeni anaona, lakini kile anachokitazama moja kwa moja kinapotea. Amejifunza kukutazama kwa upande, kichwa kimeinama kidogo, kama kuku anavyochunguza punje. Daktari wa macho alimweleza kwa upole kwamba kilichopotea hakitarudi, ila vitu vikubwa vyenye mwanga mzuri ataendelea kuviona. Mwanawe wa pekee, binamu yangu anayeishi Dar es Salaam, akasema basi, Krismasi ikipita anamchukua akaishi naye na mkewe. Hakuna aliyepinga. Hata mwenyewe alikubali, kwa sharti moja: kabla ya kuondoka kwenye kihamba chake, anataka kumwona mume wake.

Mume wake amelala chini ya migomba nyuma ya nyumba. Picha zake za ukutani zilishageuka madoa machoni pa mkewe. Lakini yumo kwenye video ya harusi ya huyo binamu, na hapo ndipo mahali pekee duniani anapoonekana akitembea na kucheka. Tuliiweka video hiyo kwenye televisheni ya Mama, ambayo haizidi sinia kwa ukubwa. Mama mkubwa akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Unamwona?" Mama akamuuliza.

"Naona kachumbari."

Siku hiyo hiyo Mama akanipigia simu mjini. Mimi naishi Moshi, jirani na hospitali ya Mawenzi, na kila kitu chenye waya kinachohitajika Kilema huwa kinapitia kwangu.

"Tafuta kile kitu cha kurusha picha ukutani," akasema.

"Projekta?"

"Jina unalijua wewe. Mimi nataka ukubwa wa ukuta. Dada amwone mzee wake kabla hajapelekwa huko kwenye joto."

"Mama, vitu hivyo vina aina nyingi."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe, sikumpigia padri."

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefanya kazi ya kukusanya habari za redio. Kazi hiyo humwachia mtu tabia mbili: hawezi kununua kitu bila kuhoji, na hawezi kuliamini jibu la kwanza. Nilianza kwa kujiuliza kwa nini nisinunue tu televisheni kubwa. Jibu lilikuja upesi. Televisheni ya ukubwa wa ukuta ilikuwa inazidi mfuko wangu mbali sana, na hata ingekuwa ya bure, gari kwetu huishia barabarani. Kutoka hapo unashuka njia ya mguu katikati ya migomba, kuna utelezi, kuna mizizi, na kuna ubao wa kuvukia maji. Kioo kile kingevuka ubao ule kwa maombi tu. Projekta inaingia kwenye kikapu.

Swali la pili lilikuwa chumba. Nilishasoma kwamba projekta inahitaji nafasi: ukiisogeza nyuma picha inakua, ukiisogeza mbele inapungua, na zipo mashine ambazo kwenye chumba kifupi hazitoi picha kubwa hata ukizibembeleza. Nikamwomba Mama anipimie sebule. Hana futi ya kupimia. Alipima kwa kanga.

"Kutoka ukutani mpaka mlango wa ukumbini ni kanga mbili na nusu," akasema. "Ila moja ilisinyaa, ihesabu kidogo."

Nikaanza kuzunguka na kipimo hicho.

Duka la kwanza lilikuwa la kijana mmoja mchangamfu anayeuza simu na spika. Aliniwekea mezani kimashine cha ukubwa wa mkate. Juu ya sanduku lake kulikuwa na namba ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga, ambayo kama ingekuwa ya kweli kingetosha kumulika uwanja wa mpira.

"Uncle, hii ni moto wa kuotea mbali," akasema. "Ukiwasha hii, majirani wote wanahamia kwako."

"Washa tuone."

Akawasha. Ilikuwa saa sita mchana na mlango uko wazi, kwa hiyo sikutarajia makubwa. Hata hivyo picha ilitoka kama chai ya maziwa iliyomwagika ukutani. Feni yake ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga.

"Ukifunga mapazia inakuwa fresh kabisa," kijana akasema kwa sauti ya juu.

"Na kelele hii?"

"Nini?"

"Kelele!"

"Ah, hiyo unaizoea, uncle!"

Sehemu ya pili ilikuwa karakana ya vifaa vya ofisi. Hapo nilionyeshwa projekta iliyotumika, pana kama kitabu cha misale kilichofunguliwa, na mwanga wake ulikuwa mzuri kweli. Fundi alikuwa mkweli kuliko nilivyotegemea. Alisema taa ya ndani ina umri wake, na ikifa, kupata nyingine ni safari, na bei yake inakaribia ile ya mashine yenyewe. Tena inachemka. Nilimfikiria Mama akiibandikia sufuria ili chai isipoe. Nikamshukuru fundi, nikaendelea.

Duka la tatu nililifahamu kabla sijaingia, kwa sababu wapita njia walikuwa wamesimama nje wakitazama ndani. Mwenye duka ni mzee wa asili ya Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Moshi. Babu yake aliuza vitambaa kwenye jengo hilo hilo, baba yake akauza redio, na yeye anauza kila kitu kinachotoa sauti au picha. Alikuwa ametundika kitambaa cheupe chepesi katikati ya duka kama pazia, na juu ya kitambaa hicho simba alikuwa akimfukuza pundamilia kuelekea barabarani. Picha ilionekana vizuri hata pale kwenye kivuli cha baraza, saa tisa mchana. Mashine yenyewe sikuiona. Ilikuwa huko ndani, nyuma ya kitambaa, juu ya friji.

"Ndugu mwandishi," akasema, maana ananijua tangu enzi za redio, "unataka kuonyesha nini? Mpira? Semina?"

"Sura ya mzee mmoja, kwa mtu asiyeona vizuri."

"Basi usinunue namba ya kwenye sanduku. Nunua sura. Chumba kina urefu gani?"

"Kanga mbili na nusu."

Nilifikiri atacheka. Akauliza, "Kanga za zamani au za siku hizi? Za zamani zilikuwa ndefu zaidi."

"Mchanganyiko, na moja imesinyaa."

Akanyoosha mikono hewani akapima kama muuza vitambaa, akanitajia urefu kwa mita, na baadaye nilipopima mwenyewe nikakuta hajakosea sana. Chumba ni kifupi, akasema, lakini mashine hii ukiiweka pale mlangoni, kichwa cha mzee kitakuwa kikubwa kama gurudumu la lori.

Hapo ndipo tabia yangu ya kuhoji ilipofanya kazi yake. Kwanza aliniletea sanduku jipya la mashine ya bei nafuu zaidi, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya picha kali kabisa. Nililigeuza sanduku. Upande wa chini, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, lilisema kwamba mashine "inapokea" picha za namna hiyo. Kupokea si kuonyesha. Mimi pia napokea hotuba nyingi. Nilipomwonyesha, mzee wa duka akacheka mpaka akashika meza.

"Wewe wa kwanza kusoma huko chini! Basi chukua ile ya juu ya friji. Ile inaonyesha kweli."

Nikampa flashi yangu yenye video ya harusi. Kila anayenunua projekta afanye hivyo: aende na picha yake mwenyewe, asikubali simba wa muuzaji, maana simba wa muuzaji hana kasoro. Nikasimama barazani pamoja na wapita njia. Maandamano ya harusi yakaingia kwenye kitambaa, na katikati yao mume wa Mama mkubwa, koti la kijivu, kidevu kimenyolewa ovyo, nywele chache nyeupe zimebaki karibu na sikio. Nilizihesabu kuwa ushindi. Kama mimi niliziona nikiwa barabarani mchana, mke wake angeziona sebuleni.

"Harusi ya nani hiyo?" akauliza mama mmoja mwenye mfuko wa nyanya.

"Ya binamu yangu."

"Mbona hamkutualika?"

"Ilishapita miaka mingi, mama."

"Basi mngetualika wakati huo."

Ile mashine ilikuwa juu kidogo ya bajeti yangu. Mzee akasema kwa kuwa imeshafanya kazi ya kuonyesha dukani, anaishusha. Tukapatana. Akaizima, akaifuta vumbi kwa ustadi, akaiweka kwenye sanduku lake na waya na rimoti. Hakugusa kitu kingine, wala mimi sikuuliza kingine.

Nilipanda nayo Kilema mkesha wa Krismasi, nikiwa nimeipakata. Pale njia panda ya Himo palikuwa pamejaa magari ya Dar, kama kila Desemba, watu wakinunua nyama na mikate kana kwamba huku juu hakuna chakula. Binamu na mkewe walikuwa wamefika jana yake. Tulikubaliana tuonyeshe siku ya pili ya Krismasi, mchana baada ya chakula, kwa sababu Mama mkubwa akishasali rozari ya jioni haongezi kitu.

Mama alitoa shuka lake bora, lile alilopewa zawadi akiwa bibi harusi, akalipiga pasi ya mkaa na kulitundika ukutani kwa misumari. Lilikuwa jeupe safi, ila pindo la chini lilikuwa na maua mekundu ya kudarizi. Nilimwambia maua yataonekana kwenye picha.

"Yaonekane. Harusi inataka maua."

Tukafunga mapazia. Nje kulikuwa na ukungu uliotusaidia. Mama mkubwa akavuka ubao akiwa ameshikwa mkono na mkwe wake, yule mke wa binamu, akakalishwa karibu kabisa na shuka. Nilimweleza, kwa kuwa alipenda kuelezwa, kwamba mashine kama hii huchaguliwa kwa mwanga wake.

"Kwa hiyo umeniletea mwanga ndani ya nyumba?" akasema. "Wanga tulionao Kilema hawatoshi?"

Nikawasha.

Maandamano yakatokea, makubwa kuliko nilivyotazamia, miguu ya watu ikipita katikati ya maua ya Mama. Mama mkubwa akageuza kichwa upande wake wa kuku. Sisi wote tukawa tunamtazama yeye badala ya harusi.

"Huyu mwenye shingo ndefu na kilemba cha zambarau ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, dada," Mama akasema.

"Mungu wangu. Nilikuwa mzuri hivi na hamkuniambia."

Halafu mume wake akaingia. Alijaza shuka kutoka pindo mpaka misumari. Akageuka, akacheka na mtu asiyeonekana. Mama mkubwa akainua mkono kama anayetaka kumgusa, akaurudisha mapajani.

"Amenyoa vibaya," akasema. "Nilimwambia."

Binamu yangu akatoka nje kidogo, akarudi akifuta miwani. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka ilipoletwa ndafu.

Kwenye harusi zetu ndafu ndiyo keki: mbuzi mzima aliyechomwa, amesimamishwa kwenye meza kama aliyealikwa. Bibi harusi hukata vipande na kuwalisha wakwe zake, na hapo ukumbi mzima hunyoosha shingo kumpima mkwe mpya. Kwenye shuka la Mama, bibi harusi alipiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akachukua kipande cha nyama, akakipeleka mdomoni mwa mzee. Kwa mkono wa kushoto.

"Yesu na Maria!" Mama akapiga kelele. "Mkono gani huo?"

"Rudisha," akasema Mama mkubwa, sauti imeshuka. Nikarudisha. Kushoto.

Sote tukamgeukia mke wa binamu, aliyekuwa amekaa pale pale kwenye kigoda na sahani ya karanga. Uso ulikuwa umemwiva.

"Mama, mimi siyo wa kushoto!" akasema. "Nitazame. Karanga nakula kwa mkono gani?"

"Leo unakula kwa kulia," Mama akasema. "Siku ile ulikuwa na haraka gani?"

"Mama mdogo, kweli nimlishe baba mkwe kwa kushoto mbele ya ukumbi mzima, mpiga video ananimulika, na mama yangu mzazi amekaa pale?"

"Picha haidanganyi," Mama akasema.

Binamu akajaribu kusema kitu, mkewe akamwambia, "Wewe nyamaza, ulikuwepo na hukusema." Ulikuwa utani nusu tu. Nilimtazama Mama mkubwa nikaona kwamba hacheki. Huyu mkwe ndiye mwanamke ambaye Mama mkubwa angekwenda kukaa nyumbani kwake, kula kwake, kushikwa mkono naye kwenye giza lake. Na kitu cha mwisho alichotaka kukiona kabla ya safari kilikuwa kimetoka na aibu ndani yake.

"Endelea," akaniambia.

Mzee kwenye shuka akatafuna. Kisha, kama alivyozoea kila alipopewa kitu kizuri, akafanya ishara ya msalaba. Kwa mkono wa kushoto.

Mama mkubwa akasimama.

"Huyo si mume wangu," akasema. "Mume wangu alikuwa na makosa yake, lakini hajawahi kujibariki kwa kushoto. Mashine yako imempindua."

Ndipo nami nilipoona nilichopaswa kukiona mapema: saa yake ilikuwa mkono wa kulia, leso ya mfukoni upande wa kulia wa kifua, na kila mwanamume ukumbini alikuwa amefunga vifungo vya koti upande wa wanawake. Video ile haikuwa na neno lolote lililoandikwa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nikachukua rimoti, nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta vijipicha vya mashine na pazia. Alama ilikuwa kwenye kile kinachoonyesha mashine imewekwa nyuma ya pazia. Bila shaka. Dukani picha ilitoka nyuma ya kitambaa ili watu wa barazani waione sawasawa, na mzee wa duka aliizima hivyo hivyo. Sisi tulikuwa mbele ya shuka tunaangalia picha iliyotengenezwa kwa watu wa nyuma.

Nikawaeleza hayo, nikabonyeza. Ukumbi wote ukageuka mara moja. Bibi harusi akapiga magoti tena, akachukua kipande cha nyama, akampa mzee kwa mkono wa kulia, na mzee akajibariki kama Mkristo.

Mke wa binamu akaweka sahani chini, akasimama katikati ya mwanga, akapiga vigelegele peke yake, kivuli chake kikaufunika ukumbi.

"Kaa, mwanangu, unaniziba," Mama mkubwa akasema, lakini alikuwa amemshika mkono, ule wa kulia, na hakuuachia. "Sasa ndiye. Rudisha. Mlishe tena."

Tukamlisha tena. Tulimlisha mzee yule ndafu mpaka chai ikapoa, na kila mara alitafuna, akajibariki, akacheka.

Katikati ya furaha hiyo Mama akaacha kuitazama harusi, akalitazama shuka.

"Kwa hiyo mtu akikaa nyuma ya shuka," akauliza polepole, "anaona kinyume?"

"Ndiyo, Mama. Kulia kunakuwa kushoto."

Nilishasema kabla sijafikiri. Dada wawili wakatazamana, mmoja kwa uso, mwingine kwa upande. Mama mkubwa akapiga goti lake kofi.

"Kumbe! Miaka yote hii! Ulikaa nyuma!"

"Mimi?"

"Wewe! Watoto waliochelewa walikaa nyuma ya shuka. Uliona kila kitu kinyume, ukaja kunisumbua maisha yangu yote!"

Ningedhani kesi imekwisha. Lakini Mama hakunilea bure.

"Ngoja," akasema. "Ile picha ilikuwa ya kufundisha. Labda walikuwa wanaonyesha kijana asiye na adabu, ili watu wajifunze. Basi alitoa kwa kushoto kweli, mimi niliona sawa, na wewe uliyeona kulia ndiye uliyekaa nyuma."

Binamu yangu akasema, "Ana hoja." Mama yake akamwambia anyamaze kama mkewe alivyomfundisha.

Nikawahoji pale pale. Aliyekaa mbele angekuwa upande wa gari, angesikia injini yake karibu. Mama anakumbuka injini. Mama mkubwa anakumbuka injini na harufu ya mafuta. Mama, baada ya kufikiri, naye akakumbuka harufu ya mafuta. Nikauliza kuhusu maandishi kwenye picha, kama yalisomeka. Wote wawili walikuwa hawajajua kusoma. Picha yenyewe sijui jina lake, na hakuna niliyemuuliza anayeikumbuka.

Mama mkubwa aliondoka Januari, bila manung'uniko. Majirani walipomuuliza kama haogopi kwenda kuishi kwa mkwe, aliwajibu, "Mkono wake nimeuona, mkubwa kama mlango." Projekta ilikwenda naye, ndani ya kikapu, ikiwa imefunikwa kwa majani ya migomba pamoja na ndizi za mtori. Shuka lilibaki kwa Mama. Mkwe anasema huko Dar mzee hulishwa ndafu karibu kila Jumapili, kwenye ukuta wa sebule.

Baada ya ndafu, Mama mkubwa hupiga simu. Jumapili moja nilikuwa Kilema, na Mama akaiweka simu kwenye spika ili nisikie anavyoonewa.

"Mimi nakumbuka kila kitu," sauti ya dada yake ikasema. "Nakumbuka hata mgongo ulivyoniuma. Ulikuwa mzito kama gunia, nikakubeba sinema nzima, hukukubali kushuka."

"Hilo ni kweli," Mama akasema. "Nilikuwa mgongoni kwako. Nilikuwa natazama juu ya bega lako."

Nikaweka kikombe chini. "Sinema yote? Hamkuzunguka upande wa pili hata kidogo?"

"Na mzigo ule, ningezunguka kwenda wapi?" akasema Mama mkubwa.

"Hatukuzunguka," Mama akasema.

"Mama, ulitazama juu ya bega lipi?"

"La kushoto."

"La kulia!" simu ikapiga kelele.

Tangu hapo nimewauliza tena, kila mmoja peke yake, na hapo hawatofautiani: Mama alikuwa mgongoni kwa dada yake tangu picha ilipoanza mpaka ilipokwisha. Walikuwa upande mmoja wa shuka, na waliona mikono miwili tofauti.